Ubeti wa Tatu Uligoma Kufunguka

Damari Kitundu alikuwa na vidole vyepesi kuliko mtu yeyote pale Kiomboi. Hakulisema yeye, walilisema watu waliokuwa wakisimama barazani kwake kumsikiliza akipiga chapa. Kazi hiyo aliijua tangu usichana. Aliajiriwa kuwa katibu muhtasi kwenye chama cha ushirika cha wakulima, akakaa huko mpaka biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuzifuata alizeti na mtama mlangoni kwa mkulima. Ushirika ukadhoofika, ukapunguza watu, na Damari akawa mmoja wao. Siku ya kuondoka alipewa taipureta aliyokuwa akiitumia, kwa kuwa ofisi haikuwa na kingine cha kumuagia. Akaibeba kichwani mpaka nyumbani, akaitua juu ya meza ya chakula, na asubuhi iliyofuata akabandika karatasi mlangoni: TUNAPIGA CHAPA.

Mumewe, Urbano, alimuuliza wao watakula wapi.

"Mkekani," Damari alijibu, na kweli wakala mkekani karibu mwaka mzima.

Kazi ilikuja. Watu walileta barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi, mitihani ya shule, katiba za vikundi vya akina mama. Akapanga chumba karibu na stendi ya mabasi, akaongeza mashine ya fotokopi, na mwaka 2003 akanunua kompyuta iliyotumika, kubwa kama jiko, pamoja na printa yake. Miezi ya mwanzo aliipiga kompyuta kama alivyozoea kuipiga taipureta, kwa nguvu zote, mpaka wateja wakawa wanaikodolea macho meza kana kwamba itapasuka. Lakini walizoeana. Ilipofika mwaka uliofuata, Damari alikuwa akijiona kwamba kompyuta ameimaliza, hakuna jipya ndani yake. Ni wakati huohuo wimbo wa baba yake ulipoanza kumsumbua.

Baba yake, marehemu Mwalimu Nathan, alikuwa mwalimu wa kwaya ya kwanza ya usharika wao. Alikuwa mtu mkali, mwenye fimbo ndefu ya kuongozea kwaya, na kabla Damari hajazaliwa alitunga wimbo wa mavuno kwa Kinyiramba ambao wazee wa Kiomboi waliukumbuka vipande vipande. Huyu alikuwa na mstari wa kwanza, yule ana kiitikio, mwingine anakumbuka sauti ya nne tu, akiivumisha kama nyuki ndani ya debe. Karatasi zenyewe za nota zilikwisha kuliwa na mchwa pamoja na sanduku lililozihifadhi. Sasa usharika ulikuwa unajiandaa kwa jubilei, na Zefania, mwalimu wa kwaya wa wakati huo, alikuwa amejiapiza kwamba wimbo huo utaimbwa.

Zefania alikuwa fundi cherehani, mrefu, mwembamba, mwenye haraka katika kila kitu isipokuwa nguo za wateja. Ndiye aliyepata habari kwamba nesi mmoja wa Kizungu, aliyefanya kazi hospitali ya pale zamani, aliondoka na nakala ya wimbo aliyopewa na Mwalimu Nathan kama zawadi ya kuagana. Nesi alikuwa amefariki, ila binti yake, Belinda, aliyecheza rede na watoto wa Kiomboi mpaka alipofikisha umri wa kwenda shule, alikuwa Sweden na alikuwa na kila kitu cha mama yake. Askofu mmoja mstaafu alikuwa na namba yake. Ikapigwa simu.

"Karatasi ipo," Belinda alisema, kwa Kiswahili chake cha kitoto ambacho hakikukua tangu alipoondoka. "Mimi natia kwenye kompyuta, natuma kwa imeili. Kesho nyinyi mnaona."

Damari alishusha simu, akamtazama Zefania.

"Imeili unayo?" Zefania akamuuliza.

"Sina. Wewe unayo?"

"Mimi nina cherehani."

Kiomboi hapakuwa na mahali pa intaneti siku hizo. Damari alipanda basi asubuhi, akashuka Singida mjini, akauliza uliza mpaka akaelekezwa kwa Abdulmajidi. Huyu alikuwa kijana wa familia ya wafanyabiashara wa mjini. Babu yake aliuza vitambaa, baba yake akauza redio, yeye akaweka kompyuta kwenye chumba kilekile na kuning'iniza kibao cha intaneti. Alikuwa mpole, mwenye kofia nyeupe na tabia ya kuzungumza na mashine zake kama mtu anayebembeleza mbuzi aingie zizini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimefuata wimbo."

Abdulmajidi alimfungulia anwani ya imeili, wakampa Belinda kwa simu, na baada ya muda barua ikaingia. Ilikuwa na mafaili matatu, kila ubeti wa wimbo kwenye ukurasa wake na faili lake. Abdulmajidi alibofya la kwanza, akatazama ukubwa wake, akavua kofia.

"Mama, huyu dada kaskani kwa uwezo wote wa mashine yake. Hii siyo karatasi, ni gunia. Na laini yetu hapa ni kama mrija wa soda, halafu tunanyonya watu wote humu ndani."

Mstari mdogo wa bluu ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ukatambaa, ukasimama, ukatambaa tena. Watu waliingia wakasoma barua zao, wakatoka. Mstari ulipokaribia mwisho kabisa, ukapotea, na badala yake yakatokea maneno ya Kiingereza kwenye kisanduku cha kijivu. Damari alikuwa anakijua Kiingereza cha ofisini vya kutosha kuelewa kwamba ameambiwa aanze upya.

Walianza upya. Ukapotea tena. Abdulmajidi alizima mashine nyingine mbili ambazo hazikuwa na watu, akajaribu, ikawa vilevile. Kisha akatazama saa ya ukutani na uso wake ukachangamka.

"Leo Ijumaa. Nikienda msikitini nafunga duka, hakuna atakayeigusa laini. Wewe kaa humu ndani ulinde. Usiguse kitu, usimfungulie mtu, na hata kama itasimama usiibofye tena. Iache ifikiri."

Damari akafungiwa. Alikaa kwenye stuli peke yake katika giza la dirisha lililofungwa, mkoba mapajani, akiutazama mstari wa bluu kama mtu anayetazama maziwa yasifurike. Mara mbili ulisimama na mara mbili mkono wake ukaenda kwenye mausi ukarudi. Abdulmajidi aliporudi, faili la kwanza lilikuwa limeshuka lote, na la pili nalo. La tatu lilishuka, lakini alipolifungua ulionekana utepe mwembamba wa karatasi kwa juu, na chini yote kijivu.

"Hili limeharibika," alisema. "Huenda limeharibikia huko huko lilikotoka. Mwandikie alitume upya, ila alipunguze. Haya mawili nakuwekea kwenye CD, maana kwenye flopi hayaingii hata nusu."

Damari akarudi Kiomboi na CD ndani ya mkoba, imefungwa kwenye kitambaa cha kichwani. Zefania alikuwa anamsubiri stendi na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Walikwenda moja kwa moja dukani. Damari akaiwasha kompyuta, akatia CD, akabofya faili. Kompyuta ikamuuliza kitu ambacho haikuwahi kumuuliza: ilifungue kwa programu gani. Damari alikuwa na programu moja tu aliyoiamini, ile ya kupigia chapa. Akaichagua. Kioo kikajaa alama: nyota, maswali, herufi zenye mikia na vinukta, mistari kwa mistari bila nafasi.

"Labda kwenye karatasi itakaa vizuri," Zefania alisema.

Damari aliona ni wazo la mtu asiyejua, lakini na yeye hakuwa na lingine, akabonyeza kuchapa. Printa ikatema ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, ikaendelea. Akabonyeza kusimamisha. Printa haikusikia. Karatasi zilidondoka sakafuni na Zefania akawa anaziokota kwa heshima, anazipanga, mpaka Damari alipoinama akachomoa waya ukutani. Zefania aliinua ukurasa mmoja karibu na mlango penye mwanga, akautazama kwa muda mrefu.

"Hizi ni nota za wapi?"

"Hizo siyo nota, Zefania. Ni takataka."

"Mbona hapa kuna 'd' na 'm', do na mi?"

Damari alicheka mpaka akalazimika kukaa, na Zefania, ambaye hakuwa ametania, akaishia kucheka naye.

Alimpigia Abdulmajidi, akamweleza alichokiona. Kule kwenye simu Abdulmajidi akagonga paji la uso wake kwa sauti ya kusikika. Alikuwa amesahau, alisema, kwamba faili la aina ile lina programu yake ya kulisomea, na asiye nayo huona mambo kama hayo. Kosa ni lake. Angeiweka kwenye CD nyingine na kuipa kondakta wa basi la jioni. CD ikafika, imeandikwa kwa kalamu ya wino "MAMA WIMBO", na kazi ya kuiingiza ikaanza asubuhi yake. Kompyuta ikasema haina nafasi. Damari akafuta mitihani ya zamani, akafuta kadi za harusi za watu waliokwisha kupata watoto, akaacha moja tu ya mpwa wake. Nafasi ikapatikana. Programu ikaingia. Akabofya.

Na ukurasa ukaja. Ila ulikuwa umelala ubavu, kichwa kushoto, miguu kulia.

Wakati huo shangazi yake, Dorkas, alikuwa amepita dukani akitoka kliniki. Alikuwa dada mdogo wa Mwalimu Nathan, wa mwisho katika familia yao, mwanamke mwenye sauti ya kujaza uwanja na masikio ambayo yalichagua ya kusikia. Damari alisimama akamwamkia, akampa kiti, akarudi kukikabili kioo, shingo kaipindisha.

"Unaumwa shingo?" Dorkas akamuuliza.

"Hapana shangazi. Wimbo umelala."

Zefania, aliyekuwa amekuja na suruali ya mteja mkononi akijidai anatafuta uzi, akatoa ushauri wake. "Kama wimbo umelala, na sisi tulaze kioo."

Leo Damari akisimulia hufika hapo akaona aibu kidogo, kwa sababu walifanya hivyohivyo. Walitandika gunia tupu la alizeti mezani, wakakishika kile kioo kizito huku na huku, wakakilaza ubavu taratibu kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Nyaya zikafika kwa shida. Kisha wote watatu wakainama mbele yake.

Herufi za buluu iliyopauka, zenye shingo ndefu, zilizoinamia kulia. Damari hakuwa ameuona mwandiko wa baba yake tangu sanduku lile lilipofunguliwa likatoa vumbi la mchwa. Alikuwa amesahau kwamba baba yake aliandika "g" kama namba nane. Alikuwa amesahau kwamba alipigia mstari jina la wimbo kwa rula, mara mbili, mstari mmoja mnene na mmoja mwembamba. Akanyoosha kidole akagusa kioo, na umeme mdogo wa kioo ukamchoma nchani, lakini hakukiondoa.

"Kaka huyo," Dorkas alisema polepole. "Mwandiko wake kabisa. Alikuwa anatufinya sikio tukiuchafua."

Halafu Zefania akaanza kusoma nota kwa sauti ya chini, do, so, so, mi, na bega la Dorkas likaanza kucheza.

Kitufe cha kugeuzia ukurasa Damari alikiona mchana wa siku hiyo, kimechorwa mshale uliopinda, kipo juu kabisa mahali pa wazi. Akakinyanyua kioo mwenyewe bila kumwita mtu.

Lililobaki lilikuwa kuchapa tu, na kuchapa ndiyo ilikuwa kazi yake, kwa hiyo alilifanya kwa kujiamini. Printa ikavuta karatasi, ikanguruma kuliko kawaida, ikaisukuma nje. Ilikuwa nyeusi. Kwenye weusi huo, ukiinamisha karatasi ukaitazama kwa pembeni, ungeona kivuli cha nota. Akajaribu ukurasa wa pili. Mweusi vilevile, na wino ukaanza kukatika katika mistari.

Alikaa akaitazama ile karatasi. Kwenye kioo hapakuwa na weusi wowote, palikuwa na rangi ya chai ya maziwa tu. Akaendelea kuitazama rangi hiyo, na ndipo akatambua kwamba chai ndiyo tatizo. Karatasi ya baba yake ilikuwa imezeeka, ikawa ya kahawia, na printa, ambayo haikuwa na rangi nyingine isipokuwa nyeusi, ilikuwa inajitahidi kuichapa kahawia hiyo kwa uaminifu, kila mahali, pamoja na madoa.

Alijaribu alichokijua. Akaitia ile karatasi nyeusi kwenye fotokopi na kuzungusha kitufe cha mwanga mpaka mwisho. Ikatoka ya kijivu, nota zikatoweka pamoja na weusi. Akampigia Abdulmajidi, hakupokea. Siku ya pili akapokea na kusema yeye anachapa barua tu, picha za kale hazijui, ila ajaribu kupekua kile kidirisha kinachotokea kabla ya kuchapa, kuna mambo mengi mle. Damari alikuwa amebonyeza "sawa" kwenye kidirisha hicho kila siku ya kazi bila kukisoma hata mara moja. Sasa akakisoma, kamusi pembeni. Alikuta pa kuchagua ubora wa juu, wa kati, na wa rasimu, ule wa kubana wino. Alichagua rasimu, kwa kuwa wino wenyewe ulikuwa umebaki wa kuombea.

Ukurasa ukatoka mwepesi. Chai ilikuwa imegeuka vumbi la kijivu hafifu, na juu yake nota zimesimama, nyembamba lakini zinasomeka. Akaupitisha kwenye fotokopi, mwanga katikati. Vumbi likaisha. Nota zikabaki. Damari alitoka nje na karatasi mkononi, akavuka barabara kuelekea kwa Zefania bila kufunga duka, na mteja aliyekuwa anakuja na kitambulisho chake cha kutolewa kopi akalazimika kumfuata.

Kwaya ikaanza kujifunza beti mbili. Kila siku baada ya kazi ukumbi wa kanisa ulivuma, na watu waliopita njiani wakawa wanapunguza mwendo. Ubeti wa tatu ndio uliogoma. Belinda aliutuma upya, Damari akasafiri tena, laini ya Singida ikawa imekatika mji mzima. Akarudi mikono mitupu, na kuku jike mmoja aliyemnunua njiani ili safari isiwe ya bure. Ulipotumwa mara nyingine ulifika umefungwa kwenye faili la aina nyingine ambalo hata mashine ya Abdulmajidi haikulitambua. Jubilei ikakaribia. Zefania akaanza kupungua mwili, naye hakuwa na mwili wa kupunguza.

"Tutaimba beti mbili tu," akasema jioni moja mazoezini. "Tukifika mwisho tunarudia kiitikio."

"Kwa nini beti mbili?" Dorkas akauliza kutoka kwenye benchi la nyuma. Alikuwa anahudhuria kila siku, akisema anapita tu.

"Wa tatu hatuna, mama. Haufunguki."

"Haufunguki wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Mimi mmeniuliza?"

Damari alimtazama shangazi yake. "Si ulisema hukumbuki maneno?"

"Mliniuliza wa kwanza. Wa kwanza sikumbuki, walikuwa wanaanza wanaume. Wa tatu tulikuwa tunaanza sisi."

Akasimama, akashika benchi la mbele, akaimba. Sauti ilikuwa na nyufa kwa juu lakini haikupotea njia. Ubeti ulihusu wanaopura mtama na kuupeta, waliobeba vikapu kutoka shambani jua likiwa utosini, na jinsi Mungu anavyowajua kwa majina hata kama ghala halina majina yao. Alipomaliza wanakwaya wa sauti ya kwanza walikuwa wameshaanza kuuvumisha. Zefania alikuwa anaandika nota nyuma ya karatasi ya vipimo vya gauni.

Siku chache kabla ya jubilei, Abdulmajidi alipiga simu. Faili limefika, dogo, zima, na linafunguka. Amelichapa mwenyewe kwa namna ya rasimu kama Damari alivyomfundisha, na limo kwenye bahasha kwa kondakta. Damari aliifungulia bahasha pale pale stendi. Ulikuwa mwandiko wa baba yake, ubeti wa tatu, nota zilezile za Dorkas. Maneno yalikuwa mengine. Huu ulihusu wanaume hodari waliofyeka msitu na kushika jembe, ambao kwa jasho lao nyumba zimeshiba. Pembeni, kwenye ukingo, palikuwa na neno moja limeandikwa kwa penseli na kukatwa, halikusomeka.

Zefania aliusoma akafurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja.

"Huu ndio wenyewe," alisema. "Umeandikwa. Tuna siku za kutosha kubadilisha."

Walikwenda wote wawili nyumbani kwa Dorkas. Walimkuta anachambua mboga. Damari alimsomea ubeti, polepole, kwa sauti kubwa. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, huo," alisema. "Huo ndio alioleta kwanza."

"Kwanza kabla ya nini?"

"Kabla hatujaukataa." Akaweka mboga chini. "Tulikuwa wasichana watupu sauti ya kwanza na ya pili. Tukamwambia, Mwalimu, mtama kweli wamelima wao. Umepurwa na nani? Nani kaupeta, nani kaubeba? Hatuimbi. Akakasirika, akapiga fimbo mezani. Sisi tukakaa chini. Mazoezi mawili tukaja, tukikaa hivyo hivyo, midomo tumefunga. Mara ya tatu kaja, kasema, haya, leteni wenu. Tukatunga pale pale, mimi na wenzangu wanne. Kausikiliza, kacheka mpaka machozi, kauongoza. Tumeuimba huo miaka yote. Ule mwingine sijausikia ukiimbwa mpaka leo uliposoma wewe. Huyo nesi alipewa karatasi ya mwanzo, basi."

Damari alijaribu kumpata baba yake, yule wa fimbo, akicheka mpaka machozi mbele ya wasichana waliomgomea. Nyumbani hakuwahi kumwona hivyo. Alijikuta anatabasamu kwa ukuta.

"Lakini kilichoandikwa, mama," Zefania alisema, akiinua bahasha.

"Zefania," Dorkas akamjibu kwa upole, "wewe unataka kumwimbia nani, karatasi?"

Zefania aliikunja bahasha akaitia mfukoni. Walipokaribia stendi akasema kwamba, ukweli, ubeti wa akina mama unakaa vizuri zaidi kwenye nota. Ule mwingine una silabi moja imebanwa kama kiuno cha suruali ya mtoto. Damari hakumpinga.

Siku ya jubilei uwanja ulijaa mpaka kwenye miti. Abdulmajidi alikuja kutoka Singida kwa basi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akasimama pembeni na kamera ndogo, akisema aliyeuhangaikia wimbo kiasi kile lazima ausikie. Kwaya iliimba beti zote tatu. Wa kwanza watu waliusikiliza. Wa pili wazee wakaanza kuitikia. Ulipofika wa tatu, akina mama waliokuwa wameketi kwenye mikeka walisimama bila kuambiwa, vizee watatu miongoni mwao wakiimba kila neno, na vigelegele vikafunika kinanda. Damari alikuwa katika sauti ya pili. Aliimba vizuri mpaka mstari wa kabla ya mwisho, akashindwa, akafungua mdomo tu, na wenzake wakambebea.

Wiki iliyofuata aliupiga chapa wimbo mzima kwa vidole vyake vyepesi, ubeti wa akina mama mahali pake na wa baba yake chini, kwa herufi ndogo, ukiwa na maelezo. Akaenda Singida akamtumia Belinda. Jibu lilikuwa simu. Belinda alikuwa amepata faili, amelifungua, na anaona visanduku vitupu mahali pa nota.

"Subiri," Damari alimwambia, akavuta kiti. "Kwanza niambie, unafungulia programu gani?"

Walipekua pamoja kutoka dirisha hadi dirisha, huyu Kiomboi, yule Sweden, mpaka visanduku vikageuka nota. Belinda akaanza kuzisoma kwa sauti, taratibu, akikosea. Dorkas, aliyekuwa dukani siku hiyo akipita tu, alivumilia mstari wa kwanza. Wa pili ukamshinda. Akamnyang'anya Damari simu, akaishika mbele ya mdomo kama kipaza sauti.

"Siyo hivyo, mwanangu. Nifuate. So, so, mi."

Kutoka mbali sauti ndogo ikamfuata.

"Tena," Dorkas akasema.